Fremu Isiyotobolewa

Siku hizo kila baiskeli ilikuwa na kidude kilichofunga magurudumu mpandaji akimaliza kilomita alizopangiwa kwa siku. Zamoyoni, muuguzi mstaafu wa Tabora, aliunda baiskeli za chuma sebuleni kwake kwa kujifurahisha, akaziuza bila kidude. Fremu zilijaa hadi ukutani, mumewe akawa anakula amesimama.

Mkaguzi akaja. "Mama, tia vidude kabla ya Ijumaa, la sivyo nazibeba zote."

Zamoyoni aligonga fremu kwa ukucha, ikalia kama kengele. "Unasikia? Nikitoboa tundu la kidude chako, itakuwa debe. Sitoboi ng'o!"

Mkaguzi alitoka amefura, akapanda baiskeli yake ya kazi. Ikagoma palepale mlangoni, kilomita zake zimekwisha.

"Chukua yangu," Zamoyoni alimwambia. "Utairudisha Ijumaa."

Ijumaa hakuja. Alikuja mkewe, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Mume wangu aliondoka na baiskeli yako. Mpaka leo hajarudi."

"Pole, mwanangu."

"Sikufuata pole, mama," alisema yule mwanamke, macho yakiwa ukutani. "Nishushie ile nyekundu."