Ahadi kwa Dada Faraja

Jumanne, tarehe nne Machi. Asubuhi ilikuwa ya mawingu mazito. Mvua ilitishia tangu alfajiri, isinyeshe.

Zamu hiyo Dada Faraja walikuwa saba, kila mmoja nyumbani kwake. Ndivyo ile huduma ya afya ya wanawake ilivyopangwa: mgonjwa akiandika kwa simu yake, hujibiwa na Dada Faraja, yeyote atakayekuwa. Hakuna jina la mhudumu, hakuna jina la mgonjwa, hakuna sauti. Na kila mhudumu alikula kiapo kwamba hata watu wa nyumbani mwake hawatajua kwamba yeye ni Dada Faraja.

Mhudumu mmoja kati ya wale saba alikuwa amejifungia chumbani, meza yake imebanwa kati ya kabati na kitanda kidogo cha mtoto kilichofunikwa shuka. Tangu mwaka jana hakuna aliyethubutu kukihamisha kitanda kile. Sebuleni cherehani ya Fundi, mshonaji wa nyumba ile, ilikuwa ikinguruma, na mama mkwe alikuwa akipiga soga na jirani aliyekuja kujaribu gauni.

"Mkwe wangu!" mama mkwe aliita. "Kazi gani hii ya kujifungia? Nyumba ikiungua, wewe utaambiwa na watu wa mtaa wa pili!"

Jirani alicheka. Mhudumu naye alicheka, kisha akafumba macho na kuomba kama alivyoomba kila asubuhi: "Bwana, nipe neno la kumfaa mtu." Akafungua ujumbe wa kwanza.

Mgonjwa alijiita Mvumilivu.

"Dada, nina mimba changa. Tangu jana navuja damu. Tumbo linauma upande mmoja, na sasa bega pia. Nikisimama naona giza."

Mhudumu aliupeleka ujumbe kwa muuguzi wa zamu. Jibu lilirudi upesi: huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, aende hospitali sasa hivi, asisubiri hata kidogo.

"Siwezi," Mvumilivu aliandika. "Mume wangu hajui kama nina mimba. Mtoto wetu wa kwanza tulipompoteza, nilimwona mume wangu akizimika kama taa. Sitaki nimwashe halafu nimzime tena. Nangoja nipate nafuu kwanza."

"Mwambie, ndugu yangu. Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Na mvumilivu hula mbivu," alijibu, akaweka na kiuso kinachocheka. Ulikuwa utani wa mtu anayezama.

Mhudumu alimkasirikia mume yule. Mume gani huyu? Nyumba moja, kitanda kimoja, mke anapauka mbele ya macho yake na yeye haoni! Angekuwa karibu naye angemtikisa mabega mpaka aamke.

Lakini hakuwa karibu na mtu yeyote. Namba ya mgonjwa ilifichwa, na mahali alipo hapakuonyeshwa. Mhudumu alimwandikia msimamizi akiomba apewe namba ile, hata kwa dakika moja. Msimamizi akajibu, "Ushauri umeshatolewa. Zaidi ya hapo hatuna mamlaka. Mpokee anayefuata."

Sebuleni cherehani ilinyamaza. Kitu kilianguka sakafuni.

"Fundi! Kuna nini huko?"

"Mkasi tu," sauti ilijibu baada ya kitambo. "Endelea na kazi yako."

Mhudumu alishukuru kwa ukimya ule, maana sasa angeweza kufikiri. Anayefuata hakumpokea. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza. "Bwana," alinong'ona, "mimi sijui nyumba yake. Wewe unaijua. Mikono yangu ni mifupi."

Kisha akaandika: "Mvumilivu, upo?"

Akaandika tena.

"Upo?"

"Nipo. Nimechoka, dada."

"Hapo ulipo kuna watu unaowaheshimu?"

"Wapo. Wawili."

"Na mumeo?"

"Yuko kazini. Sipendi kumsumbua."

"Ni mbali?"

"Si mbali."

"Basi nisikilize. Ahadi ya moyoni huvunjwa na moyo huohuo. Wachukue hao wawili wakushike, mfuate mumeo hukohuko kazini, umwambie mbele yao, kwa sauti, kwamba unakwenda hospitali. Niahidi."

Vinukta vitatu vilicheza kwenye kioo, vikapotea, vikarudi.

"Nakuahidi, dada."

Taa ya kijani kando ya jina lake ikazimika.

Mhudumu alibaki akiitazama nafasi ile ilipokuwa taa. Hatajua kamwe kama aliinuka au alianguka. Ndivyo kazi ilivyokuwa: watu walitoka kwenye kioo na mwisho wao hauonekani. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Juu ya bati, matone ya kwanza ya mvua yalianza kugonga.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Fundi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, mkono mmoja umeng'ang'ania mwimo wa mlango, mwingine umebana ubavu. Mama mkwe alikuwa amemshika upande mmoja, na upande wa pili jirani, ndani ya gauni lenye mkono mmoja tu.

"Mume wangu," Fundi alisema, "nina mimba, na tangu jana navuja damu. Mbele ya mama, na mbele ya jirani yetu, naahidi kama nilivyomwahidi Dada Faraja: nakwenda hospitali sasa hivi, na sitakuficha tena."