Taa ya Kulaza Ngozi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Machi, mke wangu Nyamvula alipochomwa na mwiba wa samaki jikoni. Kijeraha cha kupaka chumvi tu, kikamuua. Wakubwa ndio walioamuru tumulikwe kwa ile taa ya zambarau, walinzi wa ngozi, yaani kinga yake, walale, mwili usikatae kitambulisho wanachotupandikiza mkononi; Nyamvula alikuwa ameshamulikwa. Wao wenyewe kwenye foleni hatujawaona. Na bila kitambulisho, bomba halikufungulii maji.

Leo, hapa zahanati, ni zamu ya binti yetu, Mbeyu.

"Baba, nimechoka kuomba maji kwa jirani," akasema, akikunja mkono wa gauni.

"Mzee, hebu sogea, unaziba mlango!" nesi akanifokea.

Nikasogea, lakini nikamuuliza: mwiba ukimchoma na huyu, hao walinzi atawaamsha nani?