Paa la Matawi

Dhoruba iliezua paa lao juma moja kabla ya Sikukuu ya Vibanda, na Tirza hakuwa na nguvu hata za kulia. Siku ya mkesha wa sikukuu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimtazama mumewe, Elkana, akiparamia ukuta na mzigo wa matawi ya mitende.

"Mwaka huu hatujengi kibanda uani," Elkana alisema huku akihema. "Kuta tunazo. Tutaezeka matawi tu, yenye upenyo wa kuonea nyota, tukumbuke jinsi Mungu alivyowalinda wazee wetu Waisraeli jangwani."

"Huyo mlinzi ndiye aliyetuezulia paa, Baba Shifra."

Elkana alipanga tawi juu ya tawi mpaka jua likatua na sikukuu ikaingia.

Walipoketi mezani, akainua kikombe, akamhimidi Bwana kwa sauti iliyokauka. Tirza alikuwa ndiyo kwanza anachovya kijiko, tone la mvua likadondoka kwenye supu. Likafuata jingine.

"Mvua ikiharibu chakula, sheria inaturuhusu," Elkana alisema taratibu. "Tunaweza kutoka kibandani, tukaingia ndani."

"Ndani wapi?"

Wakatazamana. Kicheko kikamponyoka Tirza, kicheko cha mtu aliyechoka mpaka mifupani. Akavua mtandio mabegani, akaufunika mkate usilowe, kisha akavuta bakuli lake karibu na la mumewe.

Wakanywa kijiko baada ya kijiko, na kwa matone ya mvua supu haikupungua.