Kumpisha Kokuberwa

Mhubiri aliposema anayetaka kuokoka asimame, watu wa benchi lile walikunja magoti kumpisha Kokuberwa. Kila Jumapili yeye ndiye aliyetangulia mbele.

Mwaka ule Malkia alipotawazwa, kanisa la Keko lilikuwa bado banda lililoezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa. Joto la humo peke yake lingetosha kumtubisha mtu.

Kokuberwa alikwisha kuinuka. Juzi alimsonya mama mkwe, na tangu hapo hakupata usingizi. Alikuwa na hakika Yesu ameshamwacha.

Jirani yake, aliyeketi kando yake, akamkamata mkono. Kokuberwa mwenyewe ndiye aliyemleta kanisani, na jirani huyo alikuwa hajawahi kusimama.

“Dada, unakwenda tena?” akanong’ona. “Jumapili iliyopita Yesu hakukupokea?”

“Alinipokea.”

“Basi kama wewe hakushiki hata wiki moja, mie atanishikaje?”

Mkono wa jirani ulikuwa wa baridi, umelowa jasho. Kokuberwa akaketi.

Mhubiri akamtazama, akangoja. Benchi zima lilikuwa bado limekunja magoti.

Jirani akamwachia mkono, akasimama, akapita kwenda mbele.

Kokuberwa akayashika magoti yake kwa mikono miwili, maana yalikuwa bado yanataka kwenda.