Michirizi ya Okidi ya Bi Mashavu

Tangu madirisha yazibwe, kila nyumba ilipumua kwa okidi yake. Ya Bi Mashavu ilisifiwa mtaa mzima kwa michirizi myeupe kwenye maua yake ya zambarau. Mwanawe alipooa, Bi Mashavu alimmegea bibi harusi shina moja kwa kisu cha jikoni, kama ilivyo desturi.

Leo mpimaji wa mimea alisugua jani lake, akachovya kijiti, ikatoka mistari miwili.

"Hiyo michirizi ni virusi, mama, na huenea kwa kisu. Hewa yake itapungua mpaka ikatike. Kuna uliyemmegea?"

Bi Mashavu akakikumbuka kisu kile. Kabla hajajibu, mkwewe akapiga simu.

"Mama, okidi yako imechanua, michirizi tele. Mtoto namlaza chini yake. Majirani nao wameipenda, nimeshawamegea wote."