Kisahani cha Maji Matupu

Mtafiti aliinua uso kutoka kwenye hadubini akapiga ukelele uliomwaga chai ya bosi wake. Seli za saratani zilikuwa zimekufa zote, zimejikunyata kama zabibu kavu. Majani ya mti wa uani kwao yamezimaliza!

Hakungoja. Alimpigia mama yake palepale.

"Mama, yale majani yako yameua saratani!"

"Weee!" Mama akaangua vigelegele, simu ikakatika.

Bosi alilifuta koti lake jeupe taratibu, kifungo kwa kifungo.

"Hongera, binti. Na kile kisahani cha kulinganishia, ulichotia maji matupu, seli zake hazijambo?"

Hakuwa amekitazama. Alikisogeza chini ya lenzi, akainama. Zabibu kavu tupu.

"Kumbe hata maji ni dawa," bosi alisema. Akafungua kabati la kutunzia seli kwenye joto, akatia mkono ndani. "Kumepoa kama jiko la kapera. Nani kachomoa waya?"

Binti aligeukia ukutani. Pale kwenye soketi ya kabati ilikuwa imechomekwa chaja ya simu yake.

"Basi, anza upya," bosi alisema. "Majani mengine yapo?"

Kabla hajajibu, simu ikalia.

"Mwanangu, vile vigelegele vimeleta mtaa mzima! Mti umebaki mifupa, hata jani la kufutia jasho hakuna. Sasa hapa kuna baba mmoja kashika jembe, anauliza: mizizi nayo inatibu?"