Nukta Kwenye Tundu la Tatu

"Na hii pia!" Lusubilo aliigeuza hedi ya injini, akaitazama mara moja, akaitupa kwenye rundo. "Mbovu."

"Hujaipima hata, fundi," alilalamika Mbonile, mwenye duka la spea za mtumba hapo Tunduma.

"Nina macho."

Macho anayo kweli, hilo mjini hakuna anayebisha. Hedi za Haisi zinafanana kama mayai ya kuku mmoja, lakini yeye huzitenganisha kwa kuzitazama tu: hii vyumba vya moto ni vipana, ni ya injini kubwa, ile matundu ya maji yamelika, imechemka sana. Siku hiyo, hata hivyo, hayo hakuyajali. Kila aliyoishika aliangalia kando ya tundu la tatu la plagi, akaona kinukta kilichopigwa hapo, akasonya.

Alikuwa na haki ya kusonya. Haisi yake ilipasua hedi kwenye milima ya Ileje, na kesho ndiyo harusi ya binti yake Dina. Gari hilo ndilo lingewashusha wazee wa ukoo kutoka Mbebe hadi kanisani. Kwenye miteremko ile, injini ikizima, breki zinakuwa ngumu kama jiwe, na hapo hakuna cha harusi tena. Mashine ya kupima nyufa za hedi iko Mbeya, na muda wa kwenda Mbeya haukuwepo.

Simu iliita. Ni Dina.

"Baba, gari limepona? Bibi ameshapiga pasi kitenge chake. Anasema hapandi gari la mtu mwingine."

"Litapona, mama."

Alikata simu, akamgeukia Mbonile. "Huna hata moja isiyo na nukta?"

Mbonile alicheka. "Fundi nawe! Watu wanataka zenye nukta. Si ndiyo alama ya Wajapani, wakishaipima wakaiona nzima? Isiyo na nukta haitoki dukani hata kwa bei ya kutupa."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua. Zenye nukta zilipoanza kuja zilikuwa safi, zinang'aa kama sufuria mpya. Basi zisizo nayo nimezipiga mwenyewe, kwa nyundo na senta panchi. Nzima, mbovu, zote. Hata jirani zangu wanafanya hivyo. Biashara, kaka."

"Zote?"

"Zote."

Lusubilo aliketi juu ya tairi bovu. Machozi ya hasira yalimlenga, mtu mzima na ndevu zake. "Sasa mtu atajuaje nzima ni ipi?" alipayuka. "Mmeharibu kila kitu, wapumbavu ninyi!"

Mbonile alirudi nyuma hatua moja. Hajawahi kumwona fundi akigomba hivyo, tena kwa ajili ya kinukta tu.

Mwishowe Lusubilo alichagua moja kwa kubahatisha, akiigongagonga kwa kidole kama anayenunua tikiti maji, akaipakia kwenye bodaboda hadi gereji kwake. Jua lilipozama alikuwa ameshaifunga kwenye Haisi, huku akimwomba Mungu kimoyomoyo amfikishe mama yake salama. Injini ikawaka. Itafika wapi, hakujua.

Juu ya meza ya kazi ilibaki ile hedi yake iliyopasuka. Ufa alikuwa ameshauziba kwa gundi ya chuma, na hedi nzima ameipuliza rangi ya fedha, inang'aa, inamsubiri dalali. Kwa mazoea alichukua nyundo na senta panchi, akaipiga kinukta kando ya tundu la tatu la plagi, kama alivyozipiga mbovu nyingine zote alizouza kabla yake, asije siku moja akainunua mwenyewe.